Jumanne sita za Binti: kisa cha mama mhamiaji na zamu isiyoandikwa

Kilichofichua jambo hili si machozi wala ugomvi wa ndoa. Ni daftari la mahudhurio shuleni. Binti wa miaka 14, mtulivu, hajawahi kuitwa ofisini kwa kosa lolote, alikuwa amekosa shule Jumanne sita ndani ya muhula mmoja. Jumanne tu, siku nyingine zote yupo. Mwalimu wa darasa alihisi anakimbia somo fulani la siku hiyo, akamwita mzazi. Mama akafika na sare ya kazi chini ya koti, macho mekundu, akajibu kwa sentensi moja: "Jumanne ni kliniki ya bibi yake." Aliyekuwa akienda na bibi hospitali ni mtoto, kwa sababu nyumba nzima ni yeye aliyeijua vizuri lugha ya madaktari.

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka familia zaidi ya moja ili asitambulike mtu, ndiyo maana hakina majina wala nchi. Wahusika nitawaita wanavyoitana wenyewe: Mama, Baba, Bibi, ambaye ni mama mzazi wa Baba, Binti, Wifi, dada yake Baba anayeishi mji mwingine wa nchi hiyohiyo ya ugenini, na Mdogo, ndugu yake Mama aliyebaki nyumbani.

Hesabu ya usiku na mchana

Mama ana miaka 41, na miaka tisa ya mwisho ameiishi ugenini. Kwao alikuwa muuguzi. Alipofika, cheti chake hakikutambuliwa. Kukihalalisha kulitaka mtihani wa lugha, mafunzo ya nyongeza na miezi kadhaa ya kukaa bila kipato. Akaingia kwenye kazi isiyouliza cheti, kuhudumia wazee katika makao ya wazee, usiku nne kwa wiki, saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Baba anaendesha lori la masafa marefu na hupotea siku tatu au nne kwa mpigo. Watoto ni watatu: Binti, mvulana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 4. Bibi aliletwa miaka miwili iliyopita baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na kisukari. Kusahau kukafuata baadaye, kwanza majina, kisha jiko linalowaka.

Wanaomhurumia Mama kwa zamu za usiku hushangaa wakisikia kwamba alizichagua mwenyewe. Usiku watoto wamelala, mchana yeye yupo. Hesabu ilitimia kwenye karatasi kwa sababu kitu kimoja tu hakikupewa nafasi humo, usingizi wake. Alikuwa akirudi anakuta Binti ameshawaamsha wadogo. Anawapeleka shule, anamuogesha Bibi, anampa chai na dawa, anajilaza kama saa nne asubuhi, na saa nane mchana anaamka kwenda kumchukua kitinda mimba. Hizo saa nne za kulala hazikuwa nzima hata siku moja, maana Bibi huita. Mtu anayelala mchana baada ya kukesha hupata usingizi mfupi na mwepesi hata nyumba ikiwa kimya, na madhara yake si ya uchovu pekee: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani mwaka 2007, na likalishikilia hilo mwaka 2019. Mama, kama muuguzi, aliyajua haya. Alicheka nilipoyataja. "Na kibali?" akauliza.

Hapo ndipo ushauri mwingi unapogonga mwamba. Kibali cha ukaazi cha familia nzima kilisimama juu ya ajira yake. Nchi nyingi hukifunga kibali kwenye mwajiri, saa au kiwango cha kipato. Kwa mwenyeji, kupunguza kazi ni kupunguza mshahara. Kwake yeye, ilikuwa ni kuitikisa ardhi waliyosimama wote watano, na Bibi wa sita.

Kila mtu alikuwa na jibu

Mhudumu wa ustawi wa jamii aliyepelekewa taarifa na shule alilisoma jambo haraka: utamaduni wenu unamkandamiza, mama ajifunze kusema hapana. Wifi, kwa simu, alilisoma kinyume: "Wifi, mama hajawahi kushikwa na mikono ya wageni, utaanza wewe?" Watu wa kwao waliokuwa wakikutana mwisho wa wiki walisema ugenini unawaharibu wanawake, wanataka kila kitu kiwe na ratiba. Baba hakumlaumu mtu. Alisema, "Mimi nasaidia nikiwepo," na alikuwa anasema kweli.

Nataka kusimama kidogo kwenye hilo neno, kusaidia. Mtu husaidia kazi ya mwenzake. Anayesaidia anashukuriwa, anaweza kuchoka akaacha, anaweza kuuliza "nifanye nini?" kisha akangoja kuelekezwa. Baba aliosha vyombo, alibeba watoto, siku za mapumziko alipika. Ila hakujua jina la dawa hata moja ya mama yake mzazi, aliyemzaa na kumnyonyesha. Mkamwana alizijua zote, na dozi, na siku ya kuisha kwa kila kopo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba hakuwa mvivu wala mkatili, ila hakuwahi kuubeba mzigo ule kwa muda wa kutosha kujua uzito wake.

Mhudumu wa ustawi na Wifi, kwa maoni yangu, walikosea kosa moja wakitazamana kutoka pande mbili. Wote waliamini kwamba desturi inamtaka Mama amtunze mkwe wake peke yake. Mmoja akaichukia desturi hiyo, mwingine akaitetea. Hakuna aliyeuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwomba Mama anitajie waliomuuguza bibi yake mzaa mama, kwao, alipokuwa mtoto. Alihesabu kwa vidole akiwa hana haraka, akirudi nyuma pale alipomsahau mtu. Walifika saba. Mmoja wao alikuwa mwanamume, mjomba aliyekuwa akimbeba mgonjwa kumpeleka bafuni kwa sababu alikuwa na nguvu. Walikuwemo wakamwana wawili, binti wa kuzaa, mtoto wa dada aliyekuja kusoma akakaa hapo, jirani mjane, na mke wa mjukuu. "Aliyeitwa mwenye kazi alikuwa mama yangu," akasema. "Lakini sikumbuki kumwona peke yake chumbani."

Hicho ndicho kiini cha kisa. Wajibu ulipanda ndege, watu waliokuwa wakiubeba wakabaki. Neno "mkamwana atamtunza mkwe wake" lilisemwa ndani ya nyumba zenye mikono mingi, ambamo kutunza kulimaanisha kusimamia, kuitikia lawama, kuhakikisha mgonjwa hakosi mtu. Likishahamishiwa kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo majirani wake hawajuani, maneno ni yaleyale lakini kazi si ileile. Kwa hiyo anayesema Mama amekiuka desturi anakosea, na anayesema desturi ndiyo inayomuua anakosea vilevile. Kinachomuua ni nusu ya desturi.

Mtoto anayechagua maneno

Wengi waliposikia habari ya Binti walihuzunikia masomo yake. Jumanne sita zinafidika. Lililonishtua mimi ni jingine.

Katika safari ya tatu ya kliniki, daktari alisema kusahau kwa Bibi si kwa uzee tu, ni ugonjwa, na utaendelea. Binti alilisikia kwanza kuliko mtu yeyote katika ukoo. Bibi alikuwa amekaa pembeni yake akimtazama usoni, anangoja. Mtoto akamwambia, "Daktari anasema ni uzee, Bibi, ule vizuri." Nyumbani akamwambia mama yake vivyo hivyo, kwa sababu Mama alikuwa anajiandaa kwenda kazini na alionekana amechoka. Alikaa na siri hiyo miezi miwili. Ilijulikana pale Mama alipoona jina la dawa mpya na kulitambua.

Watu humsifu mtoto mkalimani kwamba ni mkono wa kulia wa mama yake. Ni kweli, na watoto wenyewe mara nyingi huona fahari. Lakini mkalimani wa watu wazima anatafsiri neno na kuliacha pale. Mtoto anatafsiri akiwa anampenda anayesikia, na mapenzi hayo humfanya achuje. Kuna hatari hapo kwa mgonjwa, na kuna mzigo kwa mtoto ambao hakuna aliyeutaka. Tena hospitali ile ilikuwa na wakalimani wa simu tangu mwanzo, bila malipo. Ilitosha kuomba siku ya kupanga miadi. Lakini miadi ilikuwa inapangwa na Binti.

Vidonge mara mbili

Asubuhi moja Binti alimpa Bibi dawa kabla ya kwenda shule, akidhani Mama atachelewa. Mama akafika, akampa tena. Vidonge vilikuwa vya aina inayoshusha sukari kwa nguvu, na kazi yake mwilini ni ya saa nyingi. Bibi alianza kuongea maneno yasiyoungana, akawa mzito. Aliyemwona wa kwanza ni mvulana wa miaka 9, mgonjwa wa mafua siku hiyo, na hakushtuka: Bibi husahau, ndivyo alivyo. Sukari ikishuka kwa mzee anayesahau, dalili zake hujificha nyuma ya ugonjwa uliozoeleka.

Mama alipoamka alimkuta amelowa jasho. Akampima, akaona, akampa kinywaji chenye sukari maana bado aliweza kumeza, akapiga simu ya dharura. Walimlaza hadi kesho yake kwa sababu dawa hiyo inaweza kumshusha tena baada ya kuonekana amepona. Daktari wa zamu aliuliza swali la kawaida kabisa: "Nani humpa dawa?" Mama alifungua kinywa, akafunga.

Alichoniambia baadaye nimekiandika kama alivyokisema. "Kazini nina wazee kumi na wawili. Sijawahi kurudia dawa ya mtu. Nyumbani nina mmoja."

Mikono ni ileile, ujuzi ni uleule. Tofauti ni kwamba kazini kuna karatasi ya dawa inayotiwa saini kila inapotolewa, kuna kitabu cha makabidhiano, kuna mwenzake wa kumwuliza, na kuna saa moja asubuhi ambapo mtu mwingine anasema, "Haya, nenda, nipo." Nyumbani hakuna anayesema hivyo. Mwaka 1989 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieneza dhana ya zamu ya pili, ile kazi ya nyumbani inayomngoja mwanamke baada ya kazi ya mshahara. Mama alikuwa na zamu ya pili isiyo na makabidhiano, ya kuhudumia wazee vilevile kama ile ya kwanza.

Hesabu za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 2018 zilionyesha kuwa wanawake hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi ya matunzo isiyolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Mwaka 2024 shirika hilohilo lilikadiria wanawake milioni 708 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya matunzo, wanaume milioni 40. Takwimu nzito, ila Mama hayumo kwenye hao milioni 708. Yeye ameajiriwa, na hakutoka kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kutoka. Wanawake wa namna yake huonekana kwenye jedwali kama waliofanikiwa.

Ncha ya pili ya kamba

Mama yake mzazi yuko kwao, naye mzee, anatunzwa na Mdogo. Mdogo anafanya kazi, kwa hiyo amemweka msichana wa kazi, na msichana huyo amemwacha mtoto wake kwa bibi yake. Hochschild huyohuyo, mwaka 2000, aliuita mpangilio huu mnyororo wa matunzo unaozunguka dunia: kila mwanamke anajaza pengo la mwenzake na kuacha la kwake. Fungu moja kati ya sita la mshahara wa Mama hupita njia hiyo kila mwezi.

Fedha hizo zilimpa sauti kwao. Anaulizwa kuhusu ada, paa, mazishi. Hazikumpa kusamehewa. Katika ujumbe mmoja wa sauti Mdogo alimwambia, bila hasira: "Dada, hela inafika, wewe hufiki." Mama aliusikiliza akiwa anambadilisha Bibi nguo. Yaani anamtunza mama wa mtu kazini kwa mshahara, mama wa mumewe nyumbani kwa wajibu, na mama yake mwenyewe kwa simu. Nadhani lilikuwa limemkaa moyoni kuliko yote mengine, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyemwuliza habari zake, kwa sababu mama yule haishi kwenye nchi inayowalipa wataalamu.

Yaliyojaribiwa

Kwanza ilibandikwa ratiba kwenye mlango wa friji. Ilidumu siku tisa. Ratiba haikumbushi mtu. Mtu ndiye anayeikumbusha, na mtu huyo alikuwa Mama. Kisha Bibi akapelekwa kituo cha kushinda wazee. Alikwenda mara mbili. Hakuna aliyejua lugha yake, akakaa na mkoba wake mapajani mpaka jioni. Mara ya tatu alishika mwimo wa mlango akakataa kutoka, na sioni kwa nini tumlaumu.

Lililosogeza mambo lilikuja kwa njia ambayo mhudumu wa ustawi hakuipenda mwanzoni. Baba alikuwa na baba yake mdogo, mzee anayesikilizwa na ukoo wote, anayeishi mbali. Mama aliomba aitishe kikao kwa simu ya video, awemo Baba, Wifi na Bibi mwenyewe. Mhudumu aliogopa kwamba wazee watamlemea. Mama akasema wazee ndio pekee ambao Wifi hawezi kuwaambia wameharibiwa na ugenini.

Hakwenda kulalamika. Alinunua daftari kama lile la kazini, na kwa siku 14 akaandika kila alichofanya kwa ajili ya Bibi, saa na dakika, kwa lugha kavu ya makabidhiano: amekula nusu, amekataa kuoga, ameamka mara tatu, nimepiga simu ya bima nimengoja dakika 40. Kwenye kikao akasoma kwa sauti, siku baada ya siku. Alipofika siku ya sita Baba aliinuka akatoka nje. Alijiona anaanikwa mbele ya baba yake mdogo, na alikuwa na haki ya kuumia kidogo. Mama aliendelea kusoma. Baba alirudi siku ya tisa.

Mzee hakutoa hotuba. Alimwuliza Wifi, "Mama yenu alipomuuguza mama yangu, wewe ulikuwa unafanya nini?" Wifi akasema alikuwa akichota maji na kukaa na mgonjwa jioni. Alikuwa na miaka 12. "Na kaka yako?" Baba alikuwa akimbeba. Kukawa kimya. Bibi, ambaye hakuna aliyedhani anafuatilia, akasema, "Alikuwa mzito yule," watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho ikawezekana kugawana.

Jambo la kutazama ni walivyogawana. Hawakumpa Baba vipande vya kazi, walimpa Jumanne yote: kupanga miadi, kuomba mkalimani, kwenda, kuuliza, kuchukua dawa, kuandika kwenye daftari. Ilibidi amwombe mwajiri wake asipangiwe safari ndefu siku hiyo. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataja wafanyakazi wa kike na wa kiume wenye majukumu ya familia, lakini kwa miaka yote mwajiri wa Baba hakuwahi kumwuliza kama ana mgonjwa, na Baba naye hakuwahi kusema. Alipoomba, alikubaliwa ndani ya siku mbili. Wifi alichukua bima na makaratasi yote, kwa kuwa hayo hufanywa kwa simu popote ulipo, na akaahidi kukaa na Bibi wiki moja kila mwezi. Binti akatolewa kabisa kliniki. Dawa zikahamia kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku saba, kila anayetoa anatia saini.

Yaliyobaki

Jumanne ya pili Baba alisahau, miadi ikapotea. Wiki ya Wifi ilishuka ikawa siku nne, na kila mara kuna sababu, baadhi ni za kweli. Mama hulala saa tano na nusu badala ya nne. Usiseme ni kidogo mpaka uwe umekesha. Fomu ya kuhalalisha cheti cha uuguzi bado iko kwenye droo, na tarehe ya mwisho ya mwaka huu imeshapita. Mdogo bado hutuma ujumbe wa sauti, na kwa hilo kikao hakikuwa na jibu.

Mwezi wa tatu nililiona daftari. Mwandiko wa Baba umejaa upande wa Jumanne, herufi kubwa zilizobanana: "Kliniki tumeenda. Mkalimani alikuwepo. Sukari nzuri. Dawa ya jioni imebadilishwa, maelezo nyuma ya ukurasa. Miadi ijayo Jumanne tarehe 16."

Chini yake, kwa penseli, mwandiko mwembamba: "Baba, tarehe 16 ni Alhamisi. Nimeangalia kadi. Ni Jumanne tarehe 14."